Orodha ya Nyimbo Zipendwazo Nchini Uingereza: Nani Aliyehesabiwa?

Orodha ya nyimbo zipendwazo hutazamwa na wengi kama kioo cha mapenzi ya taifa zima. Historia ya orodha ya Uingereza yaonyesha jambo jingine: orodha ni zao la namna ya kuhesabu, na kila namna ya kuhesabu huwaacha watu fulani nje ya hesabu.

Kabla ya mwaka 1952, umaarufu wa wimbo katika nchi hiyo ulipimwa hasa kwa mauzo ya karatasi za noti. Mwaka huo Percy Dickins, wa gazeti la New Musical Express, aliyapigia simu maduka ya santuri yapatayo 20, akauliza ni santuri zipi zilizouzwa zaidi. Matokeo yalichapishwa tarehe 14 Novemba 1952. Nafasi zilikuwa 12, lakini nyimbo zilikuwa 15, kwa kuwa baadhi zilifungana. Wa kwanza alikuwa Mmarekani Al Martino kwa wimbo «Here in My Heart», ulioshika nafasi hiyo kwa majuma tisa.

Magazeti mengine yaliiga mfano huo: Record Mirror mwaka 1955, Melody Maker mwaka 1956, na Record Retailer mwaka 1960. Kila gazeti lilikuwa na maduka yake, kwa hiyo kila moja lilikuwa na ukweli wake. Shirika la utangazaji la BBC lilichanganya hesabu za magazeti hayo ili kupata wastani; mwezi wa Agosti 1968 wastani huo ulizaa nyimbo tatu zilizoshika nafasi ya kwanza kwa pamoja. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Beatles. Mwaka 1963 wimbo wao «Please Please Me» ulikuwa wa kwanza kwa New Musical Express na Melody Maker, lakini wa pili kwa Record Retailer. Kwa kuwa orodha ya Record Retailer ndiyo iliyokuja kukubaliwa kuwa kumbukumbu rasmi ya miaka hiyo, wimbo huo hauhesabiwi leo miongoni mwa nyimbo zilizowahi kuongoza.

Mnamo Februari 1969, BBC na Record Retailer ziliikabidhi kazi hiyo kampuni ya utafiti ya BMRB. Maduka yapatayo 300 yaliandika mauzo katika daftari na kuyatuma kwa posta. Mwaka 1983 kampuni ya Gallup ilileta mashine za kunakili mauzo. Fujo za magazeti zilikwisha, lakini swali la nani aulizwe lilibaki. Wahamiaji kutoka Karibi walinunua reggae katika maduka madogo ya mitaa yao, na katika miaka ya 1980 kanda za bhangra ziliuzwa kwa wingi katika maduka ya Waasia. Sehemu kubwa ya maduka hayo haikuwamo katika hesabu. Hivyo muziki uliochezwa katika kila arusi ya mtaa uliweza kuonekana kitaifa kana kwamba haupo, na wasanii wake wakakosa nafasi redioni, kwani redio nayo ilifuata orodha.

Teknolojia ya karne ya 21 ilibadili hata maana ya kuhesabu. Mwaka 2005 nyimbo zilizopakuliwa kutoka intaneti ziliingizwa. Julai 2014 ikaja zamu ya usikilizaji wa mtandaoni: kusikilizwa mara 100 kukawa sawa na kununuliwa mara moja. Machi 2017 nyimbo 16 za Ed Sheeran zilikuwa katika 20 za kwanza kwa wakati mmoja. Julai mwaka huo ilikatwa kanuni kwamba mwimbaji mkuu asiwe na nyimbo zaidi ya tatu. Julai 2018 iliamuliwa kuwa usikilizaji wa asiyelipa ada uwe na uzito mdogo kuliko wa mwenye kulipa: 600 kwa 100.

Neno «wa kwanza» limebaki lilelile tangu 1952, bali maana yake imegeuka mara nyingi: jibu la wenye maduka, kisha wastani, kisha daftari, kisha mashine, kisha sikio la mwenye ada. Mtafiti wa utamaduni wa watu atakayesoma orodha yoyote hana budi kuanza, si na jina lililo juu, bali na mlango ambao mhesabu hakuubisha.