Kabla ya simu kulikuwa na aiskrimu

Skuli niliyosoma huku Magogoni, ammita ilikuwa moja darasa zima. Saketi nilizielewa kwenye simu, kwa simulesheni za PhET: unavuta waya, unaweka betri, balbu inawaka. Mradi huo ulianzishwa 2002 na Carl Wieman, Mmarekani aliyepata Nobel ya fizikia 2001. Ni bure, na za Kiswahili zipo.

Lakini wadau, simulesheni inakuonyesha kile mtu alishakijua akakipanga. Sasa mcheki jirani yetu Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi Tanganyika, alitia maziwa ya moto kwenye friza atengeneze aiskrimu. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Ticha akamwambia amechanganyikiwa, na baadaye darasa likamcheka. Hakunyamaza. Alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri kutoka Dar, naye akaenda kulipima. 1969 wakachapisha pamoja. Wanasayansi wanabishana mpaka leo.

Mimi chuo niliacha, lakini kuuliza sikuacha. Chezea simulesheni uelewe, kisha jaribu na maji na friji ya nyumbani. Nyinyi mushawahi kuchekwa kwa swali? Nambieni lilikuwa lipi.