Manukuu ya picha

Manukuu ya picha ni maandishi ya filamu yanayohifadhiwa kama picha ndogo badala ya herufi. Kwenye DVD kila picha hutumia rangi 4 tu.

Katika FFmpeg, maktaba ya programu iliyoandikwa kwa lugha ya C, muundo AVSubtitleRect hubeba mahali pa picha, upana, kimo, namba ya rangi ya kila nukta na jedwali la rangi. Baada ya matumizi sharti kumbukumbu iachiliwe kwa avsubtitle_free. Ikisahaulika, hujaa polepole.

Kwa Kiiraqw, kinachozungumzwa Mbulu na Hanang, picha ina faida kubwa. Alama / ni konsonanti, kama katika /ameeni (mwanamke). Mfumo wa maandishi wa MPL2 huichukua alama hiyo mwanzoni mwa mstari kuwa amri ya kulaza herufi, na neno hubaki "ameeni".