SAY kwenye Foleni ya Tunduma

Usiku mmoja Tunduma, malori yakiwa yamejipanga kusubiri kuvuka kwenda Nakonde, baba aliniambia, “Mwanangu, hebu nitafutie Salum Abdallah kwenye simu.” Nikaipata Ngoma Iko Huku: nyimbo za 1955 hadi 1965, zilizokusanywa na kampuni ya Dizim ya Ujerumani na kutolewa mwaka 2000.

Salum Abdallah, au SAY kwa mashabiki wake, ndiye aliyeijenga Cuban Marimba pale Morogoro. Mapigo aliyachota kwenye santuri za Kuba. Maneno akayatunga kwa Kiswahili, juu ya mapenzi na juu ya taifa jipya. Ajali ya gari ilimuua mwaka 1965, hata miaka 40 hajatimiza. Reli ya TAZARA ilikuwa bado haijajengwa.

Santuri za babu zilivunjika zamani, na vipande tulivitupa. Tulichotupa sisi, wengine wamekihifadhi Ulaya.

Nikamuuliza baba kama wimbo wa SAY aliokuwa akiimbiwa na bibi umo. Akasikiliza albamu nzima. Haumo. Akaanza kuuimba taratibu, nami nikabonyeza kurekodi.