Walumbi wa Kumuse

Miongoni mwa Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia, kusema sana ni kazi yenye mwenyewe. Mwenyewe huyo ni omuswala kumuse, mlumbi anayesimama mbele ya waombolezaji baada ya mzee kuzikwa na kusema kwa muda mrefu bila kukatizwa. Mtu wa kawaida akiyamwaga maneno kiasi hicho huambiwa ni mropokaji. Mlumbi husikilizwa kimya, hata na wazee wanaomzidi umri.

Haki ya kusema hurithiwa. Iko mikononi mwa koo chache, na inaaminika kwamba asiyezaliwa humo akithubutu kuswala kumuse, yaani kutoa hotuba hiyo ya matanga, hujiletea kifo. Imani hiyo imeilinda kazi hii dhidi ya wapenda sifa. Wala si kila marehemu hufanyiwa kumuse. Kwa desturi hustahili mzee aliyetahiriwa, mwenye wajukuu na heshima katika ukoo. Siku yake ni ya tatu baada ya mazishi, siku ambayo pia wafiwa hunyolewa, madeni ya marehemu hutajwa na mambo ya urithi huanza kuzungumzwa. Watu walio katika hali hiyo wana mengi ya kugombania, na ndiyo maana anahitajika mtu wa kusema atakayeaminiwa na pande zote.

Waombolezaji huketi na kuacha njia wazi katikati. Mlumbi huifuata akienda na kurudi, fimbo mkononi, mabegani amevaa ngozi, na hapiti mtu mbele yake. Hasomi popote, yote yamo kichwani. Husimulia asili ya Wabukusu, ambayo masimulizi yao huianzia Misri, kisha safari ndefu hadi miteremko ya Mlima Elgon. Hutaja koo na miiko yake, pamoja na marika ya tohara, ambayo ni manane na hurudi kwa mzunguko: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Kwa jamii iliyohesabu miaka kwa marika, orodha hiyo ndiyo kalenda yenyewe. Vita vya mwaka 1895, Wabukusu walipopigana na jeshi la Waingereza kwenye ngome za Lumboka na Chetambe, navyo ni sehemu ya historia inayokumbukwa kwa njia hii. Baada ya historia huja maonyo: wafiwa wasigawanyike, mjane asinyang'anywe, ardhi isiuzwe ovyo. Lugha ni Lubukusu yenye maneno ya kale ambayo vijana wengi hawayafahamu vizuri, na hapo mlumbi hufanya kazi ya mwalimu pia.

Desturi hii ilihamia Trans Nzoia pamoja na watu. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza sehemu kubwa ya Trans Nzoia ilikuwa mashamba ya walowezi, reli ikafika Kitale mwaka 1926, na Wabukusu wengi wakaingia huko kama vibarua. Baada ya uhuru wa 1963 familia nyingi zilipata au kununua ardhi katika mashamba yaliyogawanywa. Ndivyo upande wa Kachibora, mashariki mwa Kitale chini ya milima ya Cherangani, ulivyokuwa makazi ya Wabukusu na ya jamii za Kikalenjin kwa pamoja. Mzee aliyezikwa huko alizikwa mbali na makaburi ya babu zake, hivyo kutajwa kwa ukoo na chimbuko lake kulikuwa na uzito mpya kwa wajukuu waliozaliwa ugenini.

Kanisa halikuipokea kumuse kwa urahisi, maana inahusiana na mizimu. Hata hivyo Wakristo wengi wamekuwa wakiiandaa kando ya ibada. Mlumbi aliyejulikana zaidi katika miongo ya karibuni ni John Wanyonyi Manguliechi, ambaye wataalamu wa fasihi simulizi wameuchunguza ulumbi wake. Tatizo jipya limetoka kwa wanasiasa: matanga nchini Kenya yamekuwa majukwaa ya kuombea kura, na mwenye kipaza sauti huweza kusema saa nzima bila kurithi haki yoyote. Waandaaji wengine huwapa wanasiasa nafasi yao siku ya mazishi, na siku ya tatu humwachia omuswala kumuse uwanja wake.