Jimbo la Uchaguzi la Ilala
Ilala ni jimbo la Bunge la Tanzania linalohusisha katikati ya Dar es Salaam pamoja na Kariakoo, na kila jimbo humchagua mbunge mmoja, anayeshinda kwa wingi wa kura. Uchaguzi wa Oktoba 1995, wa kwanza tangu vyama vingi virudishwe mwaka 1992, ulivurugika jijini kwa vituo kukosa vifaa; matokeo yakafutwa na kura kurudiwa tarehe 19 Novemba, huku upinzani ukisusia. Iddi Simba, mbunge wa jimbo na waziri wa biashara, alijiuzulu uwaziri mwaka 2001. Mussa Azzan Zungu alichaguliwa mwaka 2005, akawa Naibu Spika mwaka 2022.