Kioo chenye namba ya wengine
Mwezi wa pili baada ya kumzika baba, mtu alivunja kioo cha mlango wa nyuma wa Peugeot 504 aliyotuachia. Nilikikuta kimemwagika kitini, punje ndogondogo kama chumvi ya mawe.

Kioo cha mbele hakivunjiki hivyo. Mwaka 1903 Mfaransa Édouard Bénédictus aliangusha chupa ya maabara. Ikapata nyufa bila kusambaratika, kwa kuwa ndani ulibaki utando wa selulosi. Hapo ndipo lilipoanzia wazo la kioo cha matabaka. Cha mlangoni hupashwa moto kupita nyuzi 600, kisha hupulizwa hewa baridi ghafla. Nje hubanwa, ndani huvutwa; kikijeruhiwa mahali pamoja, chote humwagika.

Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo mafundi bado huiita Grogan, nilipata kioo kilichotoka kwenye gari bovu. Fundi akafungua kava ya ndani ya mlango, tukazoa punje, tukakishusha kwenye reli.

Ndipo nikaona pembeni namba ya usajili ya gari jingine. Cha zamani kilikuwa na namba yetu. Baba aliichoresha kwa kuhofia wezi. 504, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, haiundwi tena. Spea zake hutoka kwa wafu.

“Tuifute hii namba, kijana?” fundi akauliza.

Mimi nasomea historia. Nikamwambia aiache.