Earl Scruggs: Vidole Vitatu Tu

Banjo ilivuka bahari vichwani mwa Waafrika waliouzwa utumwani. Earl Scruggs, mtoto wa shamba wa North Carolina aliyezaliwa 1924, aliikuta nyumbani. Baba yake aliipiga, akafariki Earl akiwa na miaka 4 tu.

Desemba 1945 akaingia Blue Grass Boys ya Bill Monroe, bendi iliyoupa muziki wa bluegrass jina. Gumba, shahada na cha kati, basi! Wapo waliotangulia kupiga hivyo, ila yeye ndiye aliyeifanya banjo iongoze badala ya kuchekesha watu.

1969 aliachana na mwenzake Lester Flatt, aliyetaka yaleyale ya zamani. Scruggs akapiga na wanawe, akapanda jukwaani Washington kupinga vita vya Vietnam. Kwa msanii wa kusini, hilo si dogo. Alifariki 2012.